Jeneza la Kanali Kikoti Halipiti

Daktari Ostakia Gama alikuwa anawaogopa watu walio hai. Waliokufa hakuwaogopa hata kidogo. Ndio maana alisomea kuchunguza maiti, na ndio maana alikubali kuhamia Mwezini, Kambi ya Bonde Jeupe, mahali ambapo watu hawafi ovyo na hakuna anayekuomba usimame useme machache.

Sasa maiti amepatikana, na walio hai wamejaa mlangoni.

"Daktari, mimi sio mtaalamu," alisema Brigedia Shemndolwa. Hivyo ndivyo alivyoanza kila alipotaka kumfundisha mtaalamu kazi yake. "Lakini hata mtoto angeona. Kanali Kikoti ana nundu utosini. Kapigwa. Vifundoni ana michubuko imezunguka miguu yote miwili. Kafungwa kamba. Kitulizo chake kimezimwa, na gumba lililokizima ni la yule mpishi, Koplo Tasiana. Unataka nini tena?"

"Nataka kumchunguza, Afande," Ostakia alisema, akiangalia viatu vyake.

"Mchunguze. Kesho tunamzika, na kabla ya kuzika nataka uandike kwamba ameuawa. Nina hasira sana, Daktari."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Sio kosa lake. Kila ofisa wa Bonde Jeupe alikuwa na kitulizo, kidude cha ukubwa wa punje ya hindi kilichopandikizwa nyuma ya shingo, katikati ya mabega. Moyo ukitaka kukimbia, kinaushika. Hasira, woga, furaha, vyote vinapita vikiwa vimepoa. Jeshi lilisema mtu anayeshika funguo za silaha za Mwezini hatakiwi kuwa na moyo unaorukaruka. Kitufe cha kukizimia kipo hapo hapo mgongoni, mahali ambapo mkono wako mwenyewe haufiki, ili usije ukashawishika.

Kwa hiyo Brigedia alikuwa na hasira sana, na akaondoka taratibu, viatu vyake vizito vikigonga sakafu, ko, ko, ko. Bila viatu vile Mwezini huendi popote, unadundadunda tu kama puto.

Ostakia alifunga mlango. Akamgeukia Kanali Aidani Kikoti, ambaye alikuwa amelala mezani na sharubu zake nyeupe, uso umetulia vizuri.

"Shikamoo, Kanali," alisema. Mbele ya maiti yeye hakuwa na aibu.

Moyo ulikuwa umesimama wenyewe. Hilo aliliona mapema. Hakuna sumu. Nundu ya utosini ilikuwa nundu tu, haikuvunja kitu. Lakini michubuko ya vifundoni ilimshangaza. Kamba inachubua mstari. Hii ilikuwa vidoti vidoti, kama mtu kafungwa kwa tasbihi.

Na kitu kingine ambacho hakujua akiandike wapi. Marehemu alikuwa anatabasamu.

*

Bonde Jeupe hapakuwa na mahabusu. Koplo Tasiana Mapunda walimfungia kwenye stoo ya viazi, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kupika, walikuwa wanampelekea humo humo viazi vya kumenya.

"Shikamoo dada Daktari," alisema kutoka juu ya gunia.

"Marahaba. Tasiana, niambie. Ulikizima kitulizo cha Kanali?"

"Ndiyo."

"Kwanini?"

Tasiana akachukua kiazi kingine. Alikuwa msichana mnene mwenye mikono ya nguvu, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia. "Nimeapa, dada. Alisema, Tasiana, hata nikifa usiseme. Sasa amekufa. Ningejua angekufa kweli si nisingeapa?"

"Watu wanasema mlikuwa wapenzi. Kila jioni mnajifungia stoo ya unga."

"Wapenzi!" Tasiana akakirusha kiazi ukutani, kikarudi polepole kikamgonga kifuani. "Yule ni kama babu yangu! Mama Kikoti anasemaje?"

"Hasemi. Amejifunika kanga toka jana."

Tasiana akaanza kulia tena. Lakini hakusema.

"Watakupeleka Duniani, Tasiana. Mahakama ya kijeshi. Unaweza kufungwa mpaka uzeeke."

"Ahadi ni ahadi, dada. Sisi kwetu huwezi kumvunjia marehemu."

"Kwenu wapi?"

"Songea. Peramiho."

"Hata mimi," Ostakia alisema, na bila kutaka akatabasamu. Mwezi mzima huu, na wao wawili wametoka vijiji jirani.

*

Ilibaki mashine ya Mwangwi.

Ilikuwa kitu cha ukubwa wa redio ya bibi. Unamvalisha marehemu kofia ya nyaya, unasubiri, na kile kilichobaki kichwani kinaanza kuongea. Sio roho. Walimu chuoni walilirudia hilo mpaka wakachoka. Ni kama joto linalobaki jikoni baada ya moto kuzimwa. Linajua ya jana, ya leo haliyajui. Ukiliambia habari mpya linaishika kidogo, halafu linaiachia.

Na lilikuwa na sheria yake. Marehemu ana haki ya kunyamaza. Na akisema neno "hili ni langu", daktari haliandiki popote.

Ostakia aliwasha. Akasoma maswali kama yalivyopangwa.

"Marehemu, taja jina lako na cheo chako."

Kimya.

"Marehemu, eleza hali yako kabla ya tukio."

Redio ikavuma tu. Akajaribu tena, na tena. Mwisho akainama kuivua ile kofia, amechoka, kesho inakuja, na Tasiana yuko kwenye viazi.

"Wahehe bwana," akanong'ona. "Hata kufa mnakufa kibishi."

Redio ikakohoa.

"Nani huyo?"

Ostakia akaganda, mikono hewani.

"Nimeuliza nani huyo ananuka Songea?" redio ikasema, kwa sauti nzito ya Kanali Kikoti.

"Mimi... Ostakia Gama."

"Gama! Mngoni! Nilijua tu. Nyie si ndio mlitembea kwa miguu toka Afrika Kusini, mkafika Songea magoti yakauma, mkasema basi jamani, hapa hapa panatosha?"

Sasa, mtu anaweza kuwa na aibu ya namna gani, lakini mtani ni mtani, na Wahehe na Wangoni ni watani toka enzi za vita vya mababu. Mngoni akitaniwa na Mhehe hajibu kwa akili. Mdomo wenyewe unafunguka. Ostakia aliwahi kumuona bibi yake, mgonjwa hajui hata jina lake, akaingia Mhehe akamtania, bibi akakaa kitandani akamjibu.

"Bora sisi tulitembea," alisema. "Unajua kwanini Mwezini hakuna mbwa? Waliletwa mpaka uwanja wa roketi. Wakasikia huko kuna Mhehe, na kwa Mhehe mbwa ni kitoweo. Wakagoma kupanda."

Redio ikalipuka kwa kicheko. Kicheko kikubwa, cha tumboni, chenye kukohoa katikati. Ostakia alikuwa hajawahi kumsikia Kanali akicheka. Hakuna aliyewahi. Alivaa kitulizo miaka mingi kuliko umri wa wanajeshi wengine.

"Haya Mngoni, umeshinda," ikasema. "Unataka nini?"

"Ulikuwa unafanya nini stoo ya unga na Tasiana?"

"Hilo hapana."

"Kwanini?"

"Kwa sababu wewe ni Mngoni! Wote duniani wajue, Mngoni asijue. Mtanicheka mpaka kiyama."

"Tutacheka nini? Ulikuwa unapika panzi?"

Redio ikasema kwa sauti ndogo kama ya mtoto, "Lizombe."

"Nini?"

"Nilikuwa najifunza kucheza lizombe."

Ostakia akakaa chini. Lizombe. Ngoma ya Wangoni. Kanali Kikoti, Mhehe mwenye sharubu, aliyekuwa anasema kila sherehe kwamba Wangoni wanacheza kama watu waliokanyaga siafu, alikuwa anajifungia na unga kucheza lizombe. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi ya Mwezini yanaanguka taratibu, unaweza kuyafuata kwa macho mpaka chini.

"Cheka tu," redio ikasema. "Mke wangu ni Mngoni. Siku ya harusi yetu shemeji zangu walipiga lizombe, mimi nikasimama kama nguzo ya umeme. Adelina hakusema kitu. Lakini nilimuona alivyoniangalia. Sasa Jumamosi anatimiza miaka sitini. Nikasema safari hii atanikuta katikati ya uwanja. Tasiana akanitengenezea njuga kwa vifuniko vya chupa. Ngoma ni ndoo ya mafuta. Lakini hiki kidude cha shingoni! Kila ngoma ikianza kupanda, kinaniteremsha. Huwezi kucheza na moyo umeshikwa mkono. Nikamwambia Tasiana, zima. Akakataa. Nikamwambia ni amri. Akakataa. Nikamwambia, mjukuu wangu, naomba. Akazima."

"Halafu?"

"Halafu," redio ikasema, "halafu nikasikia ngoma. Mngoni, wewe hujui. Miaka yote ile nilikuwa naisikia kwa masikio. Nikavua viatu vizito. Nikaruka..."

Ikakatika hapo. Hapo ndipo jana yake ilipoishia.

Ostakia alijifuta uso. Vifuniko vya chupa, ambavyo Tasiana lazima alivivua ili kuitunza siri: vidoti vya vifundoni. Kitulizo: moyo mzee uliokaa kifungoni, umefunguliwa mlango ghafla, umetoka mbio ukaishiwa pumzi. Na utosi?

"Usimwambie mtu," redio ikasema. "Hili ni langu."

Lile neno la sheria.

"Kanali, Tasiana amefungwa. Wanasema amekuua."

"Aniue nani? Yule binti? Hawana akili hao! Waambie! Panda juu ya meza utangaze lizombe kambi nzima! Ila sema nilicheza vizuri."

"Nitasema."

"Nani huyo?" redio ikasema baada ya kidogo. "Bado upo, Mngoni? Sikiliza, habari ya lizombe usimwambie mtu. Hili ni langu."

Akamwambia tena kuhusu Tasiana. Kanali akahamaki upya, akasema waambie. Halafu akasahau, akasema usiwaambie. Akamwambia tena. Waambie. Usiwaambie. Ostakia akazima mashine.

Amsikilize yupi? Wote wawili ni Kanali Kikoti. Mmoja anajua Tasiana yuko kwenye viazi, mwingine hajui. Na huyu asiyejua ndiye mwenye neno la sheria. Na kuna jambo lingine baya zaidi: yeye mwenyewe alikuwa amemfungua kwa utani. Kwa maswali ya daktari, mzee alinyamaza, na kunyamaza ilikuwa haki yake. Amemfungulia mlango, au amepitia dirishani?

Alikwenda stoo ya unga. Alisimama katikati, kwenye vumbi jeupe lenye alama za nyayo zisizo na viatu, akaangalia juu.

Akaangalia kwa muda mrefu sana.

*

Wafu wa Bonde Jeupe wanazikwa kwenye kuba la bustani, kwenye udongo ulioletwa kutoka Duniani, pembeni ya mchicha. Kambi nzima ilikuja, imejipanga mistari. Mama Kikoti alikuwa mbele, kanga mpaka machoni. Tasiana naye aliletwa, kati ya walinzi wawili, kwa sababu chakula cha msiba lazima mtu akisimamie.

Ripoti ya Ostakia ilikuwa mfukoni mwa Brigedia. Ilisema moyo umesimama wenyewe. Kuhusu kwanini, ilisema: marehemu ameomba asisemewe.

"Hii haimwokoi mtu," Brigedia alikuwa amesema, kwa sauti ya chai. "Gumba ni gumba. Roketi inaondoka jioni, mpishi anaondoka nayo."

Wanajeshi sita wakalinyanyua jeneza. Mwezini jeneza ni jepesi, wangeweza kulibeba kwa vidole, lakini walilibeba kwa mikono yote, kwa heshima. Wakaanza kutembea. Ko, ko, ko.

Ostakia alikuwa nyuma kabisa, karibu na nyanya. Moyo ulikuwa unampiga masikioni. Yeye hakuwa ofisa, hakuwa na kitulizo, na kwa mara ya kwanza alitamani angekuwa nacho. Halafu akaikumbuka ile sauti: nani huyo ananuka Songea?

Mhehe anayemwambia mtani wake siri, halafu akategemea isisemwe msibani kwake, huyo Mhehe hajawahi kuzika. Na Kanali alishazika wengi.

Akapita katikati ya mistari, akakimbia, akajilaza chali mbele ya jeneza.

Wabebaji wakasimama. Macho mia mbili, hapana, mara mbili yake, yakamwangalia yeye. Akafumba ya kwake.

"Daktari," Brigedia akasema. "Unaumwa?"

"Halipiti!" Ostakia akasema. Sauti ilitoka nyembamba. Akaivuta tena kutoka chini. "Jeneza halipiti! Mimi ni Mngoni. Huyu Mhehe ni mtani wangu. Mnataka kumzika bila kunilipa? Mnikomboe kwanza!"

Mahali fulani nyuma, sajini mmoja akacheka kwa pua. Mwingine akasema, "Jamani, kweli, watani hawajalipwa!" Minong'ono ikaenea. Mama Kikoti akashusha kanga kidogo, jicho moja likatokea.

Brigedia alikuwa Msambaa, lakini msiba ni msiba kila mahali, na jeneza lililozuiwa na mtani halipiti mpaka alipwe. Hilo halihitaji kuandikwa kwenye kanuni. Akaingiza mkono mfukoni. "Haya. Shilingi ngapi?"

"Sitaki hela."

"Kuku? Hapa Mwezini kuku hakuna, Daktari."

"Namtaka yule." Akanyoosha kidole bila kunyanyuka. "Koplo Tasiana. Mumtoe kwenye viazi, asipande roketi. Bila hivyo Mhehe wenu atakaa hapa mpaka mchicha umuotee sharubu."

Sasa watu wakacheka wazi. Brigedia akainama karibu naye. "Daktari, amemuua."

"Hakumuua!" Na hapo, akiwa amelala chali mbele ya kambi nzima, Ostakia akagundua haogopi tena. Alikuwa anaongea na marehemu. Wengine walikuwa wanasikiliza tu. "We Aidani Kikoti! Mhehe mshamba! Nilikuwa na mpango wa kukusitiri, lakini umejilaza hapo kwa madaha mno. Jamani, mnajua alikuwa anafanya nini stoo ya unga? Mnajua zile alama za miguuni ni za nini? Ni njuga! Vifuniko vya chupa! Alikuwa anacheza lizombe!"

Kambi ililipuka. Tasiana akajifunika uso kwa mikono yote, mabega yanatikisika. "Kanali? Lizombe?" mtu akapiga kelele. "Yule yule wa siafu?"

"Yule yule! Alimwomba huyu binti amfundishe, akamwomba amzimie kitulizo, kwa sababu lizombe huwezi kulicheza ukiwa umepoa kama uji wa jana. Amemwomba, hakumlazimisha, na binti ameapa, amekaa kwenye viazi akimenya na kulia hakusema neno. Huyo ndio muuaji wenu. Na yote hayo ni kwa ajili ya Jumamosi. Ya Mama."

Kicheko kikakatika. Watu wakamgeukia Mama Kikoti.

Alikuwa ameshusha kanga yote. Akamwangalia Tasiana kwa muda, akamwendea, akawasogeza walinzi kwa kiwiko kama mtu anayesogeza mapazia, akamkumbatia. Halafu akaja akasimama juu ya Ostakia.

"Mwanangu."

"Bee, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Niambie kweli. Alikuwa anacheza vizuri?"

Ahadi ilikuwa kusema alicheza vizuri. Lakini daktari hasemi asichokiona, na mtani hamsifii mtani wake hata kwa bunduki. Pale chini, akiangalia kuba na nyota nyuma yake, alitafuta neno ambalo daktari na mtani wangeweza kulisema wote wawili.

"Mama," alisema, "nenda stoo ya unga ukaangalie juu. Dari ni bati la jeshi, na kutoka chini hata mcheza mpira hafiki. Kuna shimo limebonyea pale, la ukubwa wa kichwa. Na kwenye hilo shimo kuna unywele mweupe mmoja. Aliruka mpaka akaigonga kwa utosi."

Mama Kikoti midomo ikaanza kumcheza. Halafu akacheka, akashika magoti, akacheka huku analia, "Nguzo ya umeme! Nguzo yangu ya umeme!" na hakuna aliyejua amshike wapi.

Brigedia Shemndolwa alijinyoosha. Akawatazama walinzi. "Mwachieni," akasema. "Mtani amelipwa."

Ostakia akanyanyuka, akajipangusa udongo, na ile aibu yote ikamrudia kwa mpigo, akataka kukimbilia kwenye nyanya. Lakini Tasiana alikuwa ameshageuza ndoo ya kumwagilia mchicha. Akaipiga mara moja, kujaribu. Akaipiga tena. Mama Kikoti akainama, akafungua kamba za viatu vyake vizito, cha kulia, halafu cha kushoto, akavipanga vizuri pembeni ya kaburi.

"Daktari," Brigedia alinong'ona pembeni yake. Kidole chake kilikuwa kinahangaika nyuma ya shingo, hakifiki. "Hivi hiki kidude, mtu akitaka kukizima... kwa muda tu..."

"Kesho uje nikupime moyo kwanza, Afande," Ostakia alisema. "Leo piga makofi."

Akapiga. Kwanza polepole, kama mtu anayeagiza chai. Na jeneza likapita, wabebaji sita wakilidundisha kwa mdundo wa ndoo, juu, chini, juu, na kila lilipopanda lilichelewa kidogo kushuka.